Siku Tuliyolifukiza Jengo la Vioo

Siku hizi nawaona watu wakisimama mbele ya majumba ya kale, wanayapiga picha na kuguna kama waliofiwa. Mimi majumba ya kale sijawahi kuyapenda. Nimelelewa ndani ya nyumba ya kale Kariakoo, na ninachokikumbuka ni mende, paa linalovuja na choo cha foleni. Kwa hiyo nikiisifu hapa nyumba moja ya barabara ya Yide, mjini Guangzhou, Uchina, msomaji asinidhanie mpenda historia. Naisifu kwa sababu ilinilisha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Waswahili tulikuwa wachache mjini pale, kiasi kwamba ukikutana na mtu wa Dar barabarani mnakumbatiana, hata kama nyumbani hamsalimiani. Wengi walikwenda Zhanqian, karibu na stesheni ya treni, kununua nguo. Mimi nguo zilinishinda. Kila nilichokileta kilikuwa kimeshapitwa na wakati siku kinapotoka bandarini. Nikaangukia kwenye penseli, madaftari, vibanio vya nywele na wanasesere wanaolia ukiwaminya tumbo. Vyote hivyo viliuzwa Yide. Mwenzangu wa safari alikuwa mwanamke wa Unguja mwenye duka Darajani, shoga yangu mpaka leo, mtu anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza.

Nyumba za Yide zilijengwa duka chini na watu juu, na ile ghorofa ya juu imetokeza mbele hadi ukingo wa barabara, imebebwa na nguzo. Wapita njia hupita chini yake. Shoga yangu aliziita nyumba za baraza, na hakukosea, maana hapo chini watu walicheza karata, walinyolewa, walimenya maharage na waligombana. Mvua ya Guangzhou haipigi hodi, lakini ungeweza kutembea karibu barabara nzima usilowe hata ushungi. Kasoro yake ilikuwa harufu. Duka hili liliuza wanasesere, linalofuata liliuza ngisi wakavu, kamba na samaki wa kila ukoo. Shoga yangu aliivuta ile harufu kama anayenusa asumini. Madaftari yangu yalinuka ngisi mpaka Dar, na mwalimu mmoja aliniuliza kama huwa nayavua.

Tuliyemfuata pale alikuwa Mama Laoban. Laoban ni bosi, na ni neno la pili unalojifunza kule baada ya tai gui, yaani ghali mno. Alikuwa mwanamke mfupi, nywele za kalikiti, sauti ya mnadani. Ndani ya duka lake hakukaa. Alikaa nje, mgongo kwenye nguzo, miguu ameinyoosha njiani ili usipite bila kumruka, na ukishamruka tu umeshikwa mkono. Kiswahili alikiokota kwetu: nunua, bei nzuri, ngapi, wewe mwizi. Hilo la mwisho alifundishwa na shoga yangu.

Sifa yake kubwa ni kwamba alipasua katoni. Asiyefanya biashara ndogo hawezi kuelewa uzito wa jambo hili. Wauzaji wengine wa jumla walikuuzia katoni nzima au walikurudisha kwenu. Katoni nzima ya vichongeo vyekundu! Ningeviuza mpaka parapanda ilie. Mama Laoban alichukua kisu akafungua, nikatoa nilichokitaka, shoga yangu akatoa chake, na kilichobaki kikavutwa kwa kamba kupitia tundu la dari hadi ghorofani, kimsubiri mnunuzi mwingine wa mtaji mdogo. Huko juu kulikuwa kumejaa katoni zilizopasuliwa mpaka mbao zikawa zinalia ukipita chini yake. Biashara yetu yote ilikaa juu ya mbao zile.

Kisha siku moja tukakuta herufi nyekundu imepakwa ukutani, ndani ya duara, kubwa kama sinia. Hakuna aliyehitaji kutufasiria. Kwetu wanaweka X, kule wanaweka herufi yao. Rangi ni ileile, na mpakaji anaonekana alikuwa na haraka ileile.

"Barabara," Mama Laoban akasema, akatanua mikono kuonyesha upana wake. Kisha akapiga kiganja chini. "Nyumba, mei you."

Mei you ni hakuna. Kule utaisikia kutwa nzima, kuanzia chumvi hotelini hadi chenji dukani, na nilikuwa nimeshaizoea. Siku ile niliisikia upya. Nyumba ile aliingia akiwa bi harusi, duka likiwa la wakwe zake. Nilitegemea alie kidogo, mimi nimbembeleze, na katika kubembelezana tushushe bei. Hakulia. Aliwatukana panya wa ghorofani, kwamba sasa watakiona cha mtema kuni, kisha akatuonyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara, ambako jengo lilikuwa linapanda likiwa limefunikwa nyavu za kijani. Atahamia kule.

Tuliporudi safari iliyofuata, nyavu zilikuwa zimevuliwa na jengo limefunguliwa. Vioo kutoka chini mpaka juu. Sakafu inayoteleza, baridi ya chumba cha maiti, na ngazi za umeme katikati. Shoga yangu amevuka bahari zote hizi bila woga, lakini mbele ya ngazi zile alisimama amekamata baibui, akatia mguu, akautoa, akatia, akautoa, huku Wachina wamerundikana nyuma yetu na mizigo. Mwishowe nilimsukuma. Alinitukana mpaka ghorofa ya pili.

Mama Laoban tulimkuta ghorofa ya nne, nyuma kabisa, mkabala na choo. Vyumba vya chini walivichukua wenye fedha nzito. Yeye alipata kizimba cha kioo chenye namba juu, na ndani yake alikuwa amekaa kwenye kiti, miguu pamoja, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti. Kanuni za jengo zilibandikwa ukutani na yeye mwenyewe alitufasiria kwa vitendo: usipige kelele, usikae njiani, usitoe bidhaa nje ya kioo, usivute watu mikono. Yaani usifanye biashara. Waliopita pale walikuwa wanawahi chooni, na waliotoka chooni hawakutaka kushikwa mkono.

Pale sakafuni, kwenye kona, palikuwa na kile kibanda chao kidogo chekundu cha kuombea baraka ya duka. Kule kwenye nyumba ya zamani alikuwa anakichomea vijiti vya ubani kila asubuhi. Humu moto umekatazwa, wamemtilia taa mbili za umeme zenye umbo la mshumaa.

"Hata baraka wameitia swichi," shoga yangu akasema.

Mama Laoban alichukua kalenda akaweka kidole mwisho wa mwezi. "Watu mei you, duka funga," akasema. "Mimi Foshan."

Foshan ni mji wa jirani, ndiko anakoishi mwanawe. Akatuigizia maisha yanayomngoja huko: akabembeleza mtoto hewani, akafagia, akapika, kisha akakunja uso, akabinua mdomo, akatutazama kwa pembe ya jicho. Tukaangua kicheko. Mkwe wake hatukuwahi kumwona, lakini tungemtambua sokoni. Mama Laoban hakucheka, nasi tukaacha. Mwanamke ambaye tangu ujana wake alikuwa anashika mikono ya wapita njia alikuwa anakwenda kuombea chumvi jikoni kwa mkaza mwana.

Nami, nisiseme uongo, nilijililia pia. Tulikuwa tumeshapita ghorofa za chini tukauliza. Katoni nzima, walijibu wote, tena bila kuinua macho kwenye magazeti yao. Akifunga yule, mimi narudi Kariakoo na vichongeo vyekundu.

Shoga yangu alikizunguka kile kizimba, akagusa kioo, akanusa. Kisha akatoa hukumu.

"Shoga, kwani hili limefukizwa?"

"Limefukizwa na nani, jengo zima limekatazwa moto?"

"Basi wamelifungua kavukavu! Duka halijapata ubani, halijasomewa hata Fatiha, mnataka liuze nini? Hata mimi ningekuwa mteja ningepita."

Katika mambo ya ubani mimi ni mtu wa katikati. Siamini sana, lakini sijawahi kufungua duka bila ubani, maana nani anataka kujaribu? Mama Laoban, alipoonyeshwa kwa vidole moshi unaopanda na kuzunguka pembe za duka, alielewa mara moja kuliko alivyowahi kuelewa lolote tulilomwambia. Alichungulia kama mlinzi yuko karibu, akaitikia kwa kichwa.

Ubani tulikuwa nao. Shoga yangu husafiri na udi na ubani kuliko nguo za kubadilisha. Kilichokosekana ni makaa. Chini, pembeni ya jengo, mzee mmoja alikuwa anachoma viazi vitamu ndani ya pipa la mafuta. Tukamwomba makaa, akakataa. Tukanunua viazi, akakataa. Tukanunua viazi zaidi, akatutilia makaa mekundu kwenye kopo la maziwa ya unga, akitutazama kwa huruma kama watu waliokosa jiko. Tukalifunga kopo waya wa kushikia. Kisha kopo likapanda ngazi za umeme likiwa ndani ya baibui, na mwenye baibui akipanda huku anaomba dua kwa sababu mbili. Mimi nilikuwa nyuma yake na viazi, jicho moja kwa mlinzi, jingine kwenye pindo la baibui.

Tulifika salama. Shoga yangu akaliweka kopo katikati ya kizimba, akavuta ushungi vizuri, akapiga Bismillahi, akatia ubani. Ukalia makaani, moshi mweupe ukapanda, na kwa mara ya kwanza tangu tuingie jengo lile nikasikia harufu ya mahali ambapo watu wanaishi. Mama Laoban alifumba macho. Aliuvuta ule moshi kwa viganja akajipaka nywele za kalikiti, kana kwamba amezaliwa Malindi.

Sasa, kwenye nyumba ya zamani moshi ungepanda, ungepita kwenye lile tundu la dari, ungewasalimu panya na kutokea dirishani. Jengo la vioo halikuwa na pa kutokea. Moshi ulifika darini ukasimama. Ukaanza kurudi chini. Shoga yangu, ambaye katika mambo ya baraka hajawahi kuwa bahili, akaona kama umepungua nguvu, akaongeza konzi nyingine.

Darini kulikuwa na kidude cheupe cha duara ambacho mimi nilidhani ni taa iliyoungua. Kumbe ni pua. Kilichotoka pale kilikuwa king'ora cha kuamsha makaburi, na kikaitikiwa na vingine ghorofa zote. Watu wakaanza kukimbia. Kutoka kona ya choo akaibuka mlinzi, kijana wa watu, amekumbatia mtungi mwekundu wa kuzimia moto, na furaha usoni mwake haikufichika. Nadhani alikuwa anaisubiri siku ile tangu aajiriwe. Akalipulizia kopo. Shoga yangu alikuwa ameshalinyanyua kopo, kwa hiyo akapuliziwa na yeye. Baibui jeusi likawa jeupe, kope nyeupe, na tangu nimjue ile ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona amenyamaza.

Nilimtafuta Mama Laoban nikihofia amezimia. Hakuwepo. Alikuwa ameshazoa alichoweza kutoka kwenye kioo, amekijaza kwenye mfuko wa shangazi kaja, na sasa yuko mbele yetu sote anashuka ngazi za mguu.

Nje mvua ilikuwa imeanza, ile isiyopiga hodi. Jengo zima lilikuwa limejimwaga barabarani, wauzaji na wanunuzi, na kibaraza cha jengo la vioo kilikuwa chembamba, cha urembo tu. Watu wote wakavuka mbio kwenda ng'ambo, kwenye nyumba zilizokuwa zinasubiri kubomolewa. Mapaa yalikuwa yameshaondolewa, milango imeng'olewa, lakini mbele bado palisimama, nguzo na baraza yake. Tukabanana chini yake kama zamani. Kila mnunuzi ana fedha mfukoni, mvua mbele, na hana pa kwenda.

Mama Laoban akakaa chini penye nguzo, akanyoosha miguu njiani.

"Nunua!" akapiga kelele, kwa Kiswahili, kisha kwa lugha yake, kisha kwa Kiswahili tena. "Bei nzuri! Mama! Nunua!"

Wa kwanza kujikwaa kwenye miguu yake alikuwa kijana wa Nairobi tuliyemjua kwa sura. Alimtazama shoga yangu alivyopakwa unga, akatikisa kichwa.

"Aki nyinyi! Mnataka kuchoma mall ya wenyewe juu ya uchawi?"

"Uchawi wa mamaako," shoga yangu akajibu, sauti imerudi. "Ubani huo. Toa fedha, mwenzio anauza."

"Haya, mathe, hizi ni ngapi?" Akachukua vibanio.

Mfuko uliisha upesi, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka napiga makofi. Wale wauzaji wa ghorofa za chini, wa katoni nzima, walikuwa wamesimama palepale barazani na sampuli zao mikononi, hawana meza, hawana gazeti la kujifichia. Mama Laoban akaniita mimi, akamwita yule wa Nairobi, akamvuta na mwanamke mmoja Mkongomani aliyekuwa hamjui hata kidogo, akatupanga. Akamnyooshea mwuzaji kidole: katoni hii, nzima, nachukua. Kisha akatugeukia, akatukatia hewani kwa kiganja: wewe hapa, wewe hapa, wewe hapa. Alipasua katoni ambayo hata haikuwa yake. Kisha nyingine. Wauzaji wakaanza kumfuata wao.

Msimamizi wa jengo alitokea king'ora kilipozimwa, tai imelowa, na hotuba tayari mdomoni. Alituonyesha sisi, akamwonyesha yeye, akaonyesha juu ghorofa ya nne. Mama Laoban alimwacha afike nusu. Kisha akavua shingoni kamba ya ufunguo wa kizimba, akamwekea mkononi. "Bu yao," akasema. Sitaki. Yule bwana akabaki na nusu ya hotuba yake.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kupewa kizimba mkabala na choo. Mwisho wa mwezi ulifika na Foshan hakwenda mtu. Kila asubuhi alikuwa pale kwenye nguzo, anakusanya wanunuzi wadogo wadogo, anaingia nao jengo la vioo, ananunua katoni, wanatoka, wanapasua barazani, naye anabakiwa na faida yake. Shoga yangu aliwaambia Waswahili wote kwamba ni kazi ya ubani. Mimi sikumbishia, ulichangia.

Siku chache kabla hatujaondoka wakaja kumalizia nyumba ya Mama Laoban. Waliweka kamba, wakatuhamishia ng'ambo, na mtambo mkubwa wa kijiko ukaanza na ghorofa ya juu. Ukuta wa mbele ulipotoka, chumba kizima kikawa wazi kama meza: rangi ya kijani ukutani, msumari, kipande cha pazia. Ndicho chumba alichopelekwa akiwa bi harusi. Na mimi, nisiyependa majumba ya kale, nilianza kulia. Si machozi ya adabu. Kulia kwa kwikwi, makamasi na vumbi, katikati ya barabara, mbele ya yule mtu wa Nairobi.

Mama Laoban alikuwa ameipa nyumba mgongo. Alikuwa anagawa katoni ya maputo kati ya shoga yangu na wengine, na wala hakugeuza shingo kila kishindo kilipopigwa. Aliposikia kwikwi zangu ndipo alipogeuka, akanitazama mimi.

"Nyumba yangu," akasema kwa ukali. "Wewe lia nini?"

Akanishika mkono, juu ya kiwiko, kama alivyokuwa akiwashika wapita njia wote. Nilidhani ananivuta nikachukue fungu langu. Hakunivuta. Kadiri kule nyuma palivyokuwa panaanguka ndivyo alivyozidi kunibana, mpaka nikaumia, nami nikamwacha anibane.

Kelele zikaja kupungua. Vumbi likatufikia. Akamtazama shoga yangu, ambaye yeye alikuwa anaona kila kitu.

"Kwisha?" akauliza.

Shoga yangu aliangalia ng'ambo, kwenye kifusi.

"Kwisha, mama."

Akaniachia mkono, akachukua kisu, akafungua katoni nyingine.